Tuujenge mwitu wa Witu kwa majina yake

Kuna ufundi mmoja ambao huko Ulaya, Marekani na Japani umewashika watu wazima wenye kazi na heshima zao, wakawa wanakesha mezani wakigundisha vifaru vya ukubwa wa kiberiti, askari wenye kimo cha kidole, na miti isiyozidi urefu wa chupa. Kazi hiyo huitwa dayorama, yaani mandhari kamili iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja, ikatulizwa katika dakika moja ya historia ili mtazamaji aizunguke na kuichunguza. Hapa kwetu wengi watasema huo ni mchezo wa walioshiba. Mimi nasema ni somo, tena somo zito, na makusudio ya makala haya ni kuwashawishi walimu wa Lamu, wa visiwani na wa bara yake, walichukue na kulijenga juu ya vita vyetu wenyewe: vile vilivyopiganwa katika mwitu wa Witu mwaka 1890, na tena mwaka 1893.

Nianze na neno, maana maneno ndiyo kazi inayonilisha. Najua atatokea mwenzangu mmoja wa taaluma hii adai kwamba kabla ya kukata hata kijiti kimoja, sharti tuunde istilahi safi ya Kiswahili badala ya hiyo dayorama. Sina ugomvi naye, lakini simngojei. Meza tutakayoifanyia kazi tulipewa jina lake na Wareno, shule ambamo meza hiyo imo tulipewa na Wajerumani, na bunduki tutakazozichonga zilikuja na jina lao kutoka Uarabuni. Lugha haifi kwa kupokea mgeni sebuleni. Lugha hufa pale wenyeji wanapohama vyumba vya ndani kimyakimya, na siku moja mtoto anapoulizwa jina la kitu kilichosimama mbele ya macho yake, anakosa la kusema.

Hayo niliyaona katika shule moja ya bara ya Lamu, ambako wanafunzi walikuwa wameonyesha kazi za mikono. Kijana mmoja wa darasa la nane alikuwa ametengeneza vita vya msituni. Askari walikuwa wa plastiki, wale wanaouzwa kwa mfuko madukani, na msitu ulikuwa karatasi za kijani zilizokatwa kama misumeno na kusimamishwa kwa gundi. Kazi ilikuwa safi, na nilimpongeza. Nikamwuliza vita hivyo ni vya wapi. Akajibu, “Vya Vietnam, mwalimu.” Nikamwuliza miti ile ni miti gani. Akatabasamu kwa adabu, akasema, “Ni miti tu, mwalimu.” Na nyuma yake, dirishani, ulionekana mkwaju, na nyuma ya mkwaju mikoma miwili, na mbali kidogo weusi wa mwitu wenyewe.

Simlaumu hata chembe. Mifano aliyoiona yote ilitoka kwa watu wengine. Makampuni makubwa ya ufundi huu, mathalani Airfix ya Uingereza na Tamiya ya Japani, huuza vita vya watengenezaji na wanunuzi wao, na msitu katika vita hivyo ni pambo la nyuma, kijani kibichi kinachoficha adui. Hata msitu wa Bama, ambako maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944 wakishuka bonde la Kabaw, aghalabu huonyeshwa pasina uso mmoja mweusi. Basi mtoto wa Lamu amejifunza kwamba vita vya msituni ni jambo la kwingine, na kwamba msitu ni rangi.

Ilhali vita vya msituni vilikuwa hapa. Mji wa Witu uliinuliwa katika miaka ya 1860 na Ahmad bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyepewa lakabu ya Simba. Alikuwa amesukumwa kutoka visiwani na nguvu za Sultani wa Unguja, akaingia bara, na mwitu ukawa ngome yake. Walimfuata watu wa kila namna: jamaa zake wa Pate, Wapokomo, Waaweer tuliozoea kuwaita Waboni, na zaidi ya wote watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya nafaka ambayo matajiri wa Amu na Pate waliyalimisha bara. Mwaka 1885, kwa kupitia ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, Simba alijiweka chini ya himaya ya Ujerumani ili ajikinge na Unguja. Miaka mitano baadaye, katika mkataba wa Julai 1890, Wajerumani wakampa Mwingereza Witu kama mtu akabidhivyo mzigo wa mwingine, wala waliokuwa ndani ya mzigo hawakuulizwa.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini na kila mwalimu, kwa kuwa ndani yake mwitu si pambo, ndio sababu yenyewe. Septemba 1890 alifika Witu Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel pamoja na wenzake. Nia yake ilikuwa kukata mbao. Alitaka kusimamisha kiwanda cha kupasulia magogo. Akagombana na mtawala mpya, Fumo Bakari, na yasimuliwa kwamba alipozuiwa kutoka langoni alimpiga risasi mlinzi. Yeye na wenzake wakauawa. Vita vilianza na msumeno, kwa maneno mengine, kabla ya kufika kwenye bunduki. Mwezi uliofuata Admerali Edmund Fremantle aliteremsha jeshi Kipini: mabaharia wa meli za kivita za Kiingereza, polisi Wahindi wa kampuni iliyokuwa ikitawala pwani, na askari wa Sultani wa Unguja. Mkonumbi ilichomwa. Tarehe 27 Oktoba Witu ikatekwa, nayo ikatiwa moto.

Lakini mwitu haukutekwa. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka 1891, na mrithi wake, Fumo Omari, akaendelea ndani zaidi, katika vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti: Pumwani na Jongeni. (Pumwani hii, msomaji wa Nairobi, siyo ile yenye hospitali ya uzazi, ingawa sikio la Mswahili husikia katika majina yote mawili mahali pa kutulia na kuvuta pumzi.) Kampuni ya Kiingereza ilishindwa, ikafunga virago mwishoni mwa Julai 1893, na katika wiki ya pili ya Agosti mabaharia wakaja tena, safari hii wakiyaendea maboma yenyewe kwa njia nyembamba zilizopindapinda kati ya vichaka. Maboma yakaanguka.

Sasa, vita hivi vimekumbukwaje? Waingereza walivikumbuka kwa medali. Kwenye utepe wa Medali ya Afrika Mashariki na Magharibi walitia kipande kidogo cha fedha kilichoandikwa “Witu 1890”, na kingine “Witu August 1893”. Wakusanyaji wa medali huko Ulaya hununua na kuuza vipande hivyo mpaka leo, na wanajua ni meli ipi ilimtuma baharia yupi. Upande wetu kuna magofu, kuna masimulizi ya wazee, na kuna mstari mmoja au miwili katika vitabu vya historia vya shule, mara nyingi ndani ya sura inayohusu mgawanyo wa Afrika, ambamo Witu hutajwa kama kijiwe katika bao la wakubwa. Vita vya Shela vya mapema karne ya 19 vimebahatika zaidi. Kila mtoto wa Amu ameonyeshwa ule mchanga.

Hapo ndipo dayorama inapokuja kutusaidia, kwa sababu ambayo mwanafunzi wa sarufi ataielewa upesi kuliko mwanajeshi. Kila mandhari ya namna hii ina kiima na yambwa. Fundi akiisimamisha meza yake hivi kwamba mtazamaji anaingia kwa njia ya mwitu nyuma ya migongo ya mabaharia, akiliona boma mbele kama kitu cha kuvunjwa, basi amekwisha kuitunga sentensi: Waingereza waliteka Jongeni. Wao ndio watendaji, na Jongeni ni jina la kilichotendwa. Hiyo ndiyo sarufi ya medali. Akiigeuza meza, mtazamaji akasimama ndani ya boma, kati ya vibanda na majungu na watoto, akatazama nje kupitia nafasi za magogo na kuona kofia nyeupe tatu tu zikichomoza majanini, sentensi imegeuka. Hakuna risasi iliyoongezwa wala mtu aliyepunguzwa. Nataka wanafunzi wetu waijenge sentensi ya pili, halafu watembee mpaka upande wa pili wa meza waisome na ile ya kwanza.

Na wakiijenga, watalazimika kukutana na maneno. Chukua hilo jina Witu, ambalo masikio yetu hayawezi kulitenga na mwitu. Katika Kiswahili cha shuleni leo neno mwitu limebaki kama mkia wa maneno mengine: mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu. Limekuwa na maana ya kitu kisichofugika, cha hatari, kisichokuwa chetu. Kwa mtu wa Simba, mwitu ulikuwa makao na kinga. Au chukua mpira. Kijana wa Mokowe anaupiga kila jioni, lakini ukimwambia kwamba mpira ni mtambaa wa mwituni, kwamba utomvu wake ulikusanywa na kusafirishwa kutoka pwani hii katika karne ya 19, na kwamba kile anachokipiga kilirithi jina la kile kilichopanda juu ya miti, atakutazama kama unamfanyia mzaha. Katika dayorama ya Jongeni mipira itaning'inia kila mahali, wala hakuna atakayeipiga.

Neno linalonishughulisha kuliko yote ni mtoro. Mwalimu huliandika katika rejista yake bila kufikiri: fulani ni mtoro, amekosa siku nne. Katika mwaka 1893 mtoro alikuwa mtu aliyekimbia utumwa akahatarisha maisha yake ili awe nafsi yake mwenyewe. Neno lile lile, herufi zile zile tano. Silaumu lugha kwa kuhama, kwani lugha huhama kama nyuki. Ila ningependa mwanafunzi aliyemfinyanga mtoro mmoja kwa udongo, akampa gobori na jembe, na akajiuliza alitoka shamba la nani, alisikie neno hilo kwa sikio jingine siku atakapoitwa jina lake asubuhi.

Ni lazima niweke tahadhari hapa, maana najua jinsi tunavyopenda kubadili sanamu moja kwa nyingine. Witu haikuwa pepo. Watawala wake waliwapokea watumwa waliokimbia, naam, lakini wao wenyewe walikuwa na watumwa, na wafuasi wao walivamia vijiji vya jirani. Na miongoni mwa waliokuja na Fremantle walikuwamo askari wa Unguja, wasemaji wa Kiswahili, huenda wengine wao wakiwa wana wa watumwa. Mandhari itakayowapaka wote wa ndani rangi ya ushujaa na wote wa nje rangi ya uovu itakuwa plastiki kama ile ya dukani. Fundi mzuri ataweka ndani ya boma mtu anayelima kwa hiari na mwingine asiyelima kwa hiari, amwachie mtazamaji kazi ya kuwatofautisha.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Uwiano kwanza, na hapa mwalimu wa hisabati aitwe. Mafundi wa duniani hupenda vipimo viwili, 1 kwa 72 na 1 kwa 35. Kwa kipimo cha kwanza mtu wa kimo cha sentimita 170 atakuwa na milimita 24 hivi, na mbambakofi wa mita 20 atasimama karibu sentimita 28. Ubao wa mita moja utabeba mita 72 za ardhi. Kwa kipimo cha pili mtu atakaribia sentimita 5, mbambakofi atapita nusu mita, na ubao ule ule utabeba mita 35 tu. Wanafunzi watataka cha pili kwa kuwa nyuso zinaonekana. Mimi ningewaruhusu, kwa hoja ya mwitu wenyewe: ndani ya mwitu macho hayafiki hata hizo mita 35. Mabaharia wa 1893 hawakuliona boma mpaka walipolikaribia, na ubao mdogo uliojaa utasema ukweli huo vizuri kuliko ubao mkubwa wenye nafasi nyingi.

Vifaa viko miguuni petu. Ardhi hujengwa kwa matabaka ya maboksi yaliyokatwa, juu yake magazeti makuukuu yaliyoloweshwa katika gundi ya unga (gazeti hili likiwemo, sitaona vibaya). Likauke juani barabara, la sivyo mende watalifanyia karamu. Mashina ni mizizi midogo ya nyasi na vichaka vya uani, iliyooshwa, kukaushwa na kupinduliwa juu chini, kwani mzizi uliopinduliwa hutawanyika kama matawi ya mti mkubwa. Mitambaa ni nyuzi za makumbi ya nazi zilizosokotwa na kuachwa zilegee. Makuti ya vibanda hutoka humo humo. Unyoya wa kuku ukipunguzwa kwa mkasi pande mbili huwa kuti la mkindu ambalo hutalitofautisha na la kweli mpaka uliguse. Majani makavu ya chai iliyokwisha kunywewa ndiyo matakataka ya chini ya miti, na hakuna kitu cha dukani kinachoyashinda. Vumbi la mbao lipo tele Matondoni kwa mafundi wa majahazi. Litiwe rangi tatu au nne za kijani, wala si moja. Magogo ya boma ni vijiti vya kuchokolea meno vilivyopakwa chai nzito na kupigwapigwa ili visilingane. Moshi ni sufi iliyovutwa mpaka ikawa karibu haipo.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi, na inawashinda kwa sababu wanapaka mwitu kama uonekanavyo kutoka barabarani. Ndani ya mwitu kijani ni kichache. Kuna weusi, kuna kahawia, kuna kijivu cha magamba, na kijani huja kutoka juu kwa vipande, pale jua linapopenya. Anza na giza: paka kila kitu rangi nzito ya udongo uliolowa, iache ikauke, kisha pitisha rangi nyepesi kwa brashi kavu iliyofutwa karibu yote, ikiguse tu kilichoinuka. Mahali jua linapoangukia pawe pawili au patatu kwenye ubao mzima. Na njia, au ndia kama wasemavyo Waamu, isinyooke. Njia iliyonyooka mwituni ni njia ya mjenzi wa barabara, na huyo alikuwa hajafika.

Mwalimu wa historia ataniuliza ni dakika ipi ionyeshwe. Wavulana watataka lango linapovunjwa. Nina shaka na dakika hiyo, si kwa sababu ni ya kutisha bali kwa sababu haina habari: moto na moshi ni vile vile Jongeni na Vietnam. Asubuhi ya kabla yake ina habari nyingi zaidi. Mwanamke anatwanga. Mzee anajaza baruti. Mtoto amepanda juu ya kichuguu na ameona kitu, na hakuna aliyemsikia bado. Hapo fundi atalazimika kujua walikula nini, walivaa nini, maji waliyatoa wapi, na nani alilala wapi.

Yapo mapingamizi, na moja lina uzito. Mtu atasema: Lamu imeona vita vya kweli, unataka watoto wacheze vita? Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya karibu vilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 60. Septemba 2015 serikali ilianzisha operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni, na shule kadhaa za Basuba zilifungwa kwa sababu ya usalama. Kwa watoto wengi wa upande huo mwitu umekuwa neno la kunong'onwa. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba watoto hao hawahitaji kufundishwa kuwa kuna vita mwituni, wanajua. Wasichokijua ni kwamba mwitu uliwahi kuwa kitu kingine, kwamba watu waliukimbilia badala ya kuukimbia. Ukimpa mtoto mwitu mdogo wa mezani, ambao anaweza kuushika, kuupanda mti mmoja mmoja na kuupa jina kila mmoja, humfundishi vita. Hata hivyo nisieleweke vibaya: mavazi na silaha za siku hizi zisiingie katika kazi hii, na mwalimu asimtume mwanafunzi hata mmoja mwituni kutafuta kijiti. Vifaa vyote nilivyovitaja vinapatikana jikoni, ufukweni na karakanani.

Pingamizi la pili ni la gharama. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa madarasani mwaka 2019 wazazi wamelalamika, tena kwa haki, kwamba kila wiki wanatakiwa kununua karatasi za rangi, gundi na vikorokoro, na mwishowe kazi ya mtoto hufanywa na baba usiku. Dayorama ya darasa zima, moja kwa muhula mzima, iliyojengwa shuleni kwa makumbi na majani ya chai, itawagharimu wazazi kidogo kuliko hizo kazi kumi za haraka haraka. Na baba akitaka kusaidia, aje mchana mbele ya wote, atupe majina ya miti.

Kwamba kitu kidogo kinaweza kuhifadhi kikubwa, watu wa Lamu hawana haja ya kuambiwa na mimi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasina msumari mmoja, ulitoweka baharini katika karne iliyopita. Leo vijana wengi wanaujua kwa vielelezo vidogo vilivyomo katika majumba ya makumbusho, Lamu na Ngome ya Yesu Mombasa. Kila sehemu ya chombo kile iliyonusurika katika kamusi imenusurika pia kwa kuwa kuna kitu cha kuinyoshea kidole. Maboma ya Pumwani na Jongeni hayana kielelezo cha namna hiyo. Ngome ya Lamu, ambayo ilikuwa jela hadi mwaka 1984 na sasa imo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, ina vyumba vya kutosha kuweka meza moja. Wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu, pamoja na mashindano ya majahazi na punda, kwa nini yasiwepo mashindano ya shule, kila moja na kipande chake cha mwitu?

Waamuzi wa mashindano hayo wasiwe wahadhiri kama mimi. Wawe wale wanaouingia mwitu na kuurudi: wavunaji asali wa Kiaweer, ambao humpigia ndege mluzi akawaongoza mpaka kwenye mzinga, waganga wa mitishamba, wakata boriti, wakulima wa Kipokomo. Wapo pia wasemaji wachache mno waliobaki wa Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye sauti za kidoko, ambayo nyumba yake ni huko huko bara ya Lamu na ambayo wataalamu wa isimu wa dunia nzima wanaitaja huku majirani zake wengi hawajawahi kuisikia. Watu hawa wataitazama miti ya sentimita 28 na kusema papo hapo: huu mbambakofi nimeukubali, lakini mkoma hauoti hapo, na mchu mmeuweka mbali na maji ya chumvi kwa nini? Hakuna mtihani wa taifa unaoweza kumpa mwanafunzi swali la namna hiyo.

Kwa hiyo kila mti ubandikwe kadi ndogo, na kadi iwe na nafasi tatu: jina la Kiswahili sanifu, jina la Kiamu, Kipate au Kisiu, na jina la lugha nyingine ya bara, Kiaweer, Kipokomo au Kidahalo, pamoja na alama ya aliyelitoa, kwa idhini yake. Jina lisilopatikana lisibuniwe. Nafasi yake iachwe wazi, na mwanafunzi aliyeujenga mti huo apewe mpaka siku ya maonyesho kwenda kuuliza.